Madigadi ya Kushoto

Haya nimeyapata kwa Zipporah Mramba mwenyewe, sajenti wa upelelezi, ambaye wakati ule alikuwa amepanga chumba changu cha uani hapa Malindi. Alinihadithia asubuhi moja ya mwezi wa Shaabani, tumekaa kizingitini tunachagua mchele wa kuwekea Ramadhani. Alipokuwa akinyamaza nilimwachia anyamaze, kwani mtu akisukumwa kusema hupunguza. Wenyewe wote wamesema yaandikwe, basi nayaandika.

Jumatano hiyo Zipporah alikuwa hakaliki, hasimamiki. Phineas, dereva wa pikapu ya barafu, alikuwa mahabusu tangu Jumatatu, na kesho yake asubuhi alikuwa apelekwe kortini kwa kumgonga Chengo, mgema wa Gede, jioni ya Jumapili, na kumwacha kando ya barabara kama gunia lililodondoka. Chengo alikuwa hospitali, hajasema neno. Akifa, Phineas angeshtakiwa kwa roho ya mtu.

Mkuu wa kituo alikuwa ameridhika. Pikapu ilikuwa ya samawati, madigadi yake ya kushoto, bati lile la juu ya gurudumu la mbele, ilikuwa na bonde, na baiskeli ya Chengo ilikuwa na mkwaruzo wa samawati ile ile kwenye chuma cha gurudumu la nyuma.

"Unataka nini zaidi, Sajenti?" akamwuliza. "Gari lije lenyewe lijitie pingu?"

"Nataka kujua uzi huu umetoka wapi, bwana mkuu."

Uzi ulikuwa ndani ya kifuko cha nailoni, umetungwa asumini chache zilizokwisha kuwa kahawia. Zipporah aliukuta kwenye breki ya baiskeli.

"Jioni ile ilipita harusi kwenda Watamu. Maua yalimwagika njia nzima."

"Maua yaliyomwagika hulala chini. Huu ulikuwa umejisokota kwenye breki, nikautoa kwa kisu."

Mkuu akautazama uzi, akamtazama Zipporah. "Una mpaka jioni. Kesho Phineas anakwenda kortini, na uzi wako au bila uzi wako."

Zipporah akaenda mahabusu kwanza. Phineas alikuwa amesimama nyuma ya vyuma, shati lake bado lina chumvi ya barafu.

"Lile bonde, nieleze tena."

"Kigingi cha lango, afande. Mtwapa, nilipokuwa napeleka barafu kwenye baa."

"Nani aliona?"

"Waliokuwepo walikuwa wamekunywa. Ukiwauliza watakwambia kigingi ndicho kilichonigonga mimi."

"Na rangi ya pikapu ulipaka wapi?"

"Kisumu Ndogo hapa mjini, kwa fundi Kavumbi. Alinifanyia rahisi, maana yalikuwa masazo ya gari la mtu."

Zipporah alikuwa amekwisha kugeuka aende. Akarudi. "Gari la nani?"

"Pijo la Mzee Stambuli. Lile la maharusi."

Basi hapo pana jambo la kueleza, kwa asiyekaa Malindi. Mzee Stambuli ana Pijo la zamani, lile la mkia mrefu, alilorithi kwa babake. Katika ukoo wao bibi harusi hatoki kwa gari jingine. Wana magari mapya, na hayo hubeba masanduku. Na harusi iliyopita Gede Jumapili ilikuwa ya Aaliya, binti Stambuli mwenyewe.

Zipporah akakifungua kile chuma cha baiskeli, akakifunga kwa gazeti, akatoka nacho kwapani.

Gereji ya Kavumbi iko nyuma ya kinu cha kusaga mahindi: mabati ya kuegemeza na ukuta mmoja wa matofali. Ukuta wote ni viraka vya rangi, kila gari alilolipaka limeacha kidole chake pale. Kavumbi alikuwa anapiga msasa mlango wa tuktuk. Wakaamkiana kwa Kigiriama, maana wote ni watu wa Kaloleni, wakaulizana ya kwao, kisha Zipporah akafungua gazeti.

"Hii ni rangi ya nani?"

Kavumbi hakuitia kidole ile rangi. Alikitoa chuma nje juani, akakielekeza huku na huku, akakiweka karibu na kiraka cha ukutani. "Yangu."

"Ya pikapu au ya Pijo?"

"Ni moja. Mwaka jana nilipaka milango ya Pijo, yakabaki masazo, nikampa Phineas."

"Hata ukichunguza sana huwezi kuzitenga?"

"Dada, nikiweza kuzitenga basi kazi yangu ni mbovu." Akacheka kidogo. "Samawati hii haiuzwi dukani. Dukani watakupa ile ambayo gari lilizaliwa nayo. Uipake kwenye gari la miaka hiyo, litakuwa kama kizee aliyetia meno mapya."

"Sasa unaipataje?"

Hapo Kavumbi alisahau kwamba anaongea na polisi. "Unafungua kifuniko cha petroli. Mle jua halijaingia, hiyo ndiyo rangi ya utotoni. Halafu unaangalia boneti. Jua limeila, chumvi ya hapa pwani imeila, hiyo ndiyo rangi ya uzeeni, na ndiyo ninayoitafuta. Nyeupe, buluu, tone la nyeusi, tone la manjano. Napaka kwenye kibati, nakingoja. Rangi mbichi ni mrongo, ikikauka hubadilisha maneno. Nakiangalia asubuhi, nakiangalia alasiri, nje, si hapa chini ya bati. Siku nyingine navitupa vibati kutwa nzima."

"Pijo lilikuja kwako lini mara ya mwisho?"

Kavumbi akaurudia mlango wa tuktuk, akasugua mahali palipokuwa pamekwisha kuwa laini. "Alhamisi, kabla ya harusi. Buti lilikuwa na kutu, na madigadi ya kushoto ilikuwa imebonyea kidogo. Nikavifanya pamoja. Siku moja, kopo moja, mkono mmoja."

"Kwa hivyo Jumapili lilitoka zima."

"Zima kabisa. Muulize mzee."

"Na rangi ilikuwa imekauka?"

"Ya kugusa, ndiyo. Kukauka kwenyewe kunataka wiki na zaidi. Nilimwonya mzee: usilioshe, usilipige polishi. Tone la maji likikaa juu yake na jua likalipiga, litaacha pete usiyoweza kuitoa ila kwa msasa. Rangi mpya ni ngozi ya mtoto mchanga."

Zipporah akamshukuru, akavuka njia. Ng'ambo palikuwa na mama anayeuza viazi vya karai, na huyo hapitwi na kitu.

"Pijo la maharusi? Alhamisi lilikuja. Lilikwenda mle matako yana kutu, likatoka matako yanang'aa. Nikacheka peke yangu."

"Na mbele?"

"Mbele sikuona kitu cha kuangalia."

"Na Jumatatu, lilirudi?"

"Jumatatu mimi nilimpeleka mjukuu kliniki. Leo nikuwekee vya wangapi?"

Zipporah akanunua viazi ambavyo hakuvila. Alikuwa na fundi anayesema Alhamisi, na mama anayesema matako tu. Mama asiyeona kitu cha kuangalia si shahidi wa kuweka mbele ya hakimu. Jua lilikuwa limepita utosi.

Nyumba ya Mzee Stambuli iko mtaa wa Shela, hapa hapa Malindi. Mzee alikuwa barazani na kikombe cha kahawa, kofia imenyooka, fimbo mapajani. Uani, chini ya turubai, mlikuwa na Pijo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kahawa, au maji kwanza?"

"Gari kwanza, mzee, ukinipa ruhusa."

"Ruhusa unayo. Lakini madigadi unayoitafuta ilitengenezwa Alhamisi. Kavumbi amenipigia simu, amesema umekwenda kwake." Alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni asijisumbue. "Mwanangu Sufyan ndiye aliyemwendesha dada yake. Wakafika salama, gari likarudi salama."

Zipporah akalivua turubai. Ndani ya gari mlikuwa bado mnanuka udi. Madigadi ya kushoto ilikuwa laini kama sahani ya kaure. Akafungua kifuniko cha petroli, akaiona ile rangi ya utotoni, nzito, karibu na nili. Akalinganisha madigadi na boneti, na mlango, na madigadi ya kulia. Hapakuwa na mpaka. Kavumbi hakujisifu bure.

Akaenda nyuma. Jua la alasiri lilikuwa linakuja ubavuni, akachuchumaa ili atazame uso wa buti kwa mshazari, kama mtu anavyotazama kioo kujua kama kimefutwa. Hapo akayaona. Vijiduara vidogo vidogo, vimetawanyika buti zima, kama magamba ya changu yaliyokaukia juu ya kibao.

Akarudi mbele, akachuchumaa vile vile. Madigadi haikuwa na hata kimoja.

"Mzee, mvua ilinyesha hapa juzi?"

"Mvua? Hatujaiona tangu mwezi jana."

"Gari limeoshwa tangu Alhamisi?"

"Kavumbi alikataza. Halijaguswa na maji."

"Na madoa haya ya kwenye buti?"

"Madoa gani?" Mzee hakuinuka. "Macho yangu siku hizi huona Lamu, hayaoni kidole changu."

Zipporah akasimama pale akifuta mikono. "Mzee, naomba nikawaamkie akina mama ndani."

Ndani alimkuta Bi. Zeina, dadake Mzee Stambuli, aliyemlea Aaliya tangu mamake afariki. Alikuwa sakafuni, amezungukwa na vyombo vya harusi, anavisugua kwa limau na majivu: sinia, chetezo, na mrashi wa fedha wenye shingo ndefu.

"Umekuja kwa yule mgema," Bi. Zeina akasema. "Maskini. Nimesikia ana mke."

"Ana mke, Gladys. Yuko naye hospitali." Zipporah akakaa chini. "Bi. Zeina, nikuulize la kipuuzi. Jumapili gari lilitiwa marashi?"

"Gari la bibi harusi litoke kavu? Unatuonaje?"

"Nani aliyelitia?"

"Mimi. Kwa huu huu." Akauinua mrashi. "Nilianza mbele, upande wa kushoto, kwa kuwa ndiko alikoingilia Aaliya. Madigadi ile niliikogesha. Nikasema, Mola amfungulie njia, na njia iko mbele. Nikazunguka mpaka buti, nikarudi upande wa pili, wenzangu wanapiga vigelegele, mpaka marashi yakaisha."

"Wanaume waliona?"

"Wanaume wako wapi saa hiyo? Wako msikitini wanamalizia Alasiri, au wamekaa barazani wanangoja kuitwa. Mlango wa bibi harusi ni wetu."

"Na mkishayanyunyiza, mnayafuta?"

Bi. Zeina akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekula kwa kushoto. "Marashi ya bibi harusi hayafutwi, mwanangu. Hukauka yenyewe juani. Ukiyafuta umefuta dua."

"Nisaidie, Bi. Zeina. Vaa buibui lako, twende uani kidogo."

Akaja na mrashi wake, mikono bado inanuka limau. Zipporah akamwonyesha pa kuchuchumaa. Bi. Zeina akaangalia buti, akatabasamu. "Haya hapa. Nilijua sikuacha mahali." Kisha, bila kuambiwa, akaenda mbele kuangalia madigadi aliyoikogesha. Akainama upande huu, akainama upande ule. Akapitisha kiganja.

"Hapa hayapo," akasema.

"Fundi anasema vyote alipaka siku moja," Zipporah akasema, na sasa alikuwa anamwelekea mzee barazani. "Alhamisi. Kopo moja, mkono mmoja. Mwenyewe akaniambia tone la maji kwenye rangi mpya huacha pete. Buti ni la Alhamisi, mzee, lina pete za Jumapili. Madigadi hii ingekuwa ya Alhamisi ingekuwa nazo nyingi kuliko buti. Imepakwa baada ya harusi. Na kilichopakwa baada ya harusi kiliharibika baada ya marashi."

Mzee Stambuli akakiweka kikombe chini.

"Kaka," Bi. Zeina akasema. "Ungeniuliza mimi, kabla ya kusema Alhamisi."

Mzee aliita, bila kupandisha sauti, "Sufyan."

Kijana akatoka chumba cha mbele. Alikuwa amesikia yote, maana alikuja amekwisha kuvaa viatu. Mkono bado ulikuwa na hina kidogo kidoleni, aliyopakwa kwa mzaha na shangazi zake.

"Ni mimi," akasema. "Baba hakuwemo. Nilikuwa narudi kutoka Watamu, nimekwisha kumteremsha Aaliya."

"Ulikuwa na mwendo?"

"Nilikuwa natazama simu. Watu walikuwa wanatuma picha za harusi."

"Ulisimama?"

"Nilisimama. Nikashuka. Ule uzi wa asumini wa kwenye taa ulikuwa umemkamata, nikauvuta, ukakatika. Alikuwa anapumua. Nikaona watu wanakuja na tochi, nikasema hao watamchukua."

"Na wewe?"

"Dada yangu alikuwa ndiyo kwanza ameingia nyumba ya watu. Gari lililomleta lina damu. Kesho yake wangesema nini? Kila mtoto akiugua, kila kitu kikivunjika, ni kisirani cha bibi harusi."

"Hayo ya kisirani ni maneno yangu," Mzee Stambuli akasema. "Usiyabebe wewe. Yeye alikuja kuniambia, sajenti, alitaka kwenda kituoni usiku ule ule. Mimi ndiye niliyemzuia. Mimi ndiye niliyempelekea Kavumbi gari Jumatatu, na Alhamisi nimeitunga mimi."

"Ulijua kuna mtu amefungwa kwa ajili hiyo?"

"Nilijua."

Bi. Zeina aliushika mrashi kwa mikono miwili. "Mtoto wangu nimemwombea njia," akasema, "nanyi mmeitandika juu ya mgongo wa mtu."

Zipporah alipiga picha za buti, akapiga za madigadi, kwa jua la ubavu lile lile kabla halijazama. Akamwambia Bi. Zeina asiuoshe mrashi tena. Akapiga simu lije gari la kuvuta, akamwita na Kavumbi afike kituoni kwa miguu yake asije akaletwa.

Kavumbi alifika na thina ya kuchanganyia rangi bado mikononi.

"Mzee ananipa kazi ya Pijo tangu sijaoa," akasema. "Aliposema Alhamisi nikasema Alhamisi. Nilipanga kila kitu, dada. Nikaunganisha rangi isijulikane, hata wewe umeiona. Lakini harusi za huko Shela mimi hupeleka gari nikarudi, sialikwi. Nitajuaje kwamba mnalimwagia manukato?"

"Mimi pia si wa huko. Nimepanga kwa bibi mmoja, nikaona."

"Basi ungeniambia," Kavumbi akasema, na hata mkuu wa kituo akashindwa kujizuia akacheka, ingawa alimweka ndani vile vile.

Mkuu aliifungua mahabusu mwenyewe. Phineas akatoka, na wakati huo huo Sufyan akaingizwa, wakapishana mlangoni kila mmoja akimwachia mwenziwe nafasi, kama watu wanaopishana kwenye kichochoro. Mzee Stambuli alikuwa kwenye benchi, ameletwa naye kuandikisha maneno yake. Phineas alipomfikia, kichwa kikainama chenyewe kwa mazoea.

"Shikamoo, mzee."

"Leo usiniamkie, mwanangu," mzee akasema. "Sina mahali pa kuipokelea."

"Nimekwisha kuamkia," Phineas akasema. "Hairudi." Akangoja. Alingoja pale na chumvi yake ya barafu mpaka mzee akasema marahaba, kwa sauti ndogo, ndipo akaenda zake. Kwake walinieleza kwamba alikaa mkekani kungoja chakula, na chakula kikamkuta amelala.

Zipporah hakuja nyumbani. Alipitia hospitali kwanza, maana Gladys, mkewe Chengo, alikuwa na haki ya kusikia kabla ya mji. Alimkuta sakafuni, mgongo kwenye mguu wa kitanda. Chengo amelala.

"Amefungua macho leo mchana," Gladys akasema. "Ameuliza baiskeli."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia iko kwa polisi. Akasema, basi haitaibiwa. Halafu akalala. Sikiliza, huu ni usingizi wake kabisa, anakoroma."

Zipporah akamweleza, kuanzia kwenye buti mpaka kwenye benchi. Gladys alisikiliza macho yamefumba. Zipporah alipofika kwenye simu na picha za harusi, Gladys akauliza, "Bibi harusi ameambiwa?"

"Shangazi yake amekwenda kumwambia mwenyewe."

"Mwambie shangazi mimi sina neno na bibi harusi. Huyo kijana, ninalo naye." Akajivutia kanga mabegani. Kidogo akawa ameegemea godoro, na mkoromo wa wawili ukajaa wodi.

Isha ilikuwa haijaadhiniwa Zipporah alipoingia uani kwangu. Sikumwuliza kitu, habari ya Phineas kuachiwa ilikuwa imekwisha kufika mtaani. Nilimwekea uji, akaketi kizingitini, akainusa mikono yake, mmoja una thina, mmoja una limau na waridi. Akasema, "Bibi, kesho naamka saa ngapi?" Nikamwambia, kesho huna mtu wa kumpeleka kortini asubuhi, amka upendapo. Alitikisa kichwa kama anayekubali. Nikaingia ndani kuleta sukari, na niliporudi uji ulikuwa bado unafuka, kijiko kiko mkononi mwake, naye amelala.